Kiboko na Kaa Mpakani

Ni ada ya watambaji wa hadithi kuwakutanisha wanyama wasiofanana tabia: sungura na fisi, kima na papa, kobe na ndege. Aghalabu mmoja hupewa nguvu na mwingine akili, na msikilizaji hujua tangu mwanzo ni nani atakayecheka mwishoni. Kiboko na kaa ni nadra kukutanishwa. Sababu yaonekana kuwa nyepesi: viumbe hawa hawana ugomvi. Hawagombei chakula, hawawindani, na mtambaji angetaabika kuwaundia mazungumzo, maana mmoja hunguruma hata kifua cha msikilizaji kikatikisika, na mwingine hana sauti ila ya gando linalogonga jiwe. Watu wa nchi za baridi wakitaka mfano wa viumbe wawili wasiokaribiana hata chembe huweza kumtaja dubu na kambakoche. Afrika Mashariki haina dubu, isipokuwa yule wa nyota anayetajwa na wanafalaki. Ina kiboko, na mbali kabisa na bahari, katika mito ya Busia na Malaba, ina kaa.

Wasafiri wengi huifahamu miji hii miwili kwa foleni za malori, wabadilishaji fedha na wachuuzi wanaovuka na kurudi mara kadhaa kwa siku. Ndiko linakosimuliwa kuzaliwa neno bodaboda, jina la baiskeli zilizowabeba watu kutoka boda moja hadi ya pili, kabla halijasambaa na kuwa mali ya pikipiki za Afrika Mashariki nzima. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kila mji una mto wake. Mto Sio hupita katika Kaunti ya Busia ukielekea Ziwa Victoria, na katika sehemu yake ya chini ndio mpaka wenyewe: ng'ambo hii Kenya, ng'ambo ile Uganda. Mto Malaba nao hukusanya maji ya miteremko ya Mlima Elgon, hugawa nchi mbili pale mjini Malaba, kisha huingia Uganda na kuelekea upande wa Ziwa Kyoga. Maji ya mito yote miwili huishia katika Nile, lakini kila mmoja umejichagulia njia. Kiboko huonekana katika matete ya Sio ya chini na pwani ya ziwa. Kaa yumo kotekote, tangu vijito vyenye mawe huko mlimani hadi tope la ziwani.

Tuseme basi msomaji ameketi ukingoni na viumbe wote wawili wako mbele yake. Kiboko dume mzima huwa na uzito wa kilo elfu moja na mia tano na zaidi. Kaa wa mtoni hutosha katika kiganja cha mtoto. Uzito, hata hivyo, ndiyo tofauti ndogo kuliko zote. Kiboko ameficha mifupa ndani na kuitandaza nyama juu yake, kama mwanadamu. Kaa ameuvaa mfupa wake kama kanzu ya chuma, na nyama imejificha ndani. Hivyo kiboko hukua taratibu, siku baada ya siku, bila mtu kuona, ilhali kaa hawezi kukua hata kidogo mpaka ajivue gamba zima, pamoja na lile la magando na la vijiti vya macho. Hutoka humo akiwa laini kama unga uliokandwa. Kwa siku kadhaa, mpaka gamba jipya ligumuke, hana silaha wala ngome. Hujibanza chini ya jiwe akisubiri. Kiumbe anayesifika kwa ugumu hulazimika kupita katika udhaifu huo mara nyingi maishani mwake, na bila ya kupita humo hawi mkubwa.

Kiboko hana siku kama hizo, lakini naye ana udhaifu wake, nao umo katika ngozi. Ni nene ajabu, hufikia sentimita 5 katika sehemu kadhaa za mwili, lakini hukauka na kupasuka upesi juani. Ndiyo sababu hushinda majini mchana kutwa. Hutoa majimaji mekundu ambayo watu wa kale walidhani ni jasho la damu. Mwaka 2004 wanakemia wa Japani walionyesha kwamba rangi hizo humkinga na mionzi ya jua na kuzuia baadhi ya bakteria. Damu ya kaa, kwa upande mwingine, haina wekundu wowote. Hubeba hewa kwa madini ya shaba badala ya chuma, na ikipigwa na hewa huelekea rangi ya samawati. Kwa hiyo mmoja huonekana kana kwamba anatokwa na damu ilhali hana jeraha, na mwingine akijeruhiwa huonekana kana kwamba hana damu.

Wote wawili hukaa majini bila ya kuwa samaki. Kiboko hupumua kwa mapafu, hujifunga pua na masikio na kuzama kwa dakika tano hivi, kisha hana budi kuibuka. Haogelei hasa, hutembea na kurukaruka juu ya sakafu ya mto. Kaa hupumua kwa matamvua aliyoyaficha chini ya gamba, na mradi yamebaki na unyevu anaweza kutoka na kuzurura ukingoni usiku. Yaani mmoja ni wa nchi kavu aliyejifunza maji, na mwingine ni wa majini aliyejifunza nchi kavu, na wakakutana katikati, katika ukanda wa tope ambao si wa yeyote. Waligiriki walimwita kiboko farasi wa mto. Walikosea ukoo. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa tangu miaka ya 1990 umeonyesha kwamba ndugu wa karibu wa kiboko walio hai leo ni nyangumi. Kaa wa mtoni naye ana jamaa zake baharini, lakini amekata uhusiano kwa namna moja inayostahili kutajwa. Kaa wa bahari huachilia mayai yakaangua vijidudu vinavyoelea na maji. Kwa kaa wa maji baridi, mayai huangua vikaa kamili, vichache, na mama huvibeba chini ya tumbo lake mpaka viweze kujitegemea. Hapo ndipo anapomkaribia kiboko jike, ambaye hubeba mimba kwa miezi minane hivi, huzaa ndama mmoja na kumnyonyesha hata chini ya maji.

Ndama wa kiboko anajulikana sana nchini Kenya tangu Desemba 2004, pale mmoja alipookolewa baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami, akapelekwa Haller Park mjini Mombasa na kumfanya kobe mzee kuwa mlezi wake. Picha zao zilizunguka dunia nzima. Hiyo ilikuwa hadithi ya viumbe wawili wasiofanana waliopendana, na kila mtu aliifurahia. Hadithi ya Sio haifurahishi kiasi hicho.

Jua likizama kiboko hutoka. Hufuata njia yake ileile, iliyochimbika kwa miaka kama mfereji, na anaweza kula kilo 40 za majani kwa usiku mmoja. Pale ambapo zamani palikuwa na nyasi za ukingoni sasa pana mahindi, muhogo na mtama, maana watu wameongezeka na ardhi haijaongezeka. Mkulima aliyelima hadi ukingoni hulazimika kulala shambani msimu wa mavuno. Huwasha moto, hupiga madebe, hurusha vijinga. Anajua fika kwamba asije akasimama kati ya kiboko na maji, kwa kuwa mnyama huyu aliyeonekana mzito kama gogo humshinda binadamu mbio, na meno yake ya chonge yanaweza kufikia nusu mita. Asubuhi mkulima huhesabu mashina yaliyolazwa. Kinachouma zaidi ya kile kilicholiwa ni kile kilichokanyagwa tu.

Na hapo ndipo mpaka unapoingia. Kiboko hulala majini katikati ya mto, ambapo hakuna askari awezaye kusema amelala nchi gani. Nyanya wa nyanya zake alikuwa wa Uganda bila shaka yoyote, kwa kuwa hadi mwaka 1902 eneo lote hili, na mbali zaidi hadi Naivasha, lilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda. Wakoloni walihamisha mstari na yeye hakuhama. Siku hizi akikanyaga upande wa Kenya anakuwa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo inamlinda yeye na kumwahidi fidia aliyedhuriwa: shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa, na malipo ya mazao kwa bei ya soko. Akikanyaga upande wa pili, kwa miaka mingi sheria ya huko haikuahidi fidia yoyote. Mpango wa fidia uliingizwa katika sheria ya Uganda mwaka 2019. Kwa hiyo palikuwa na wakati ambapo mnyama mmoja, usiku mmoja, aliweza kula mashamba mawili yanayotazamana, na wenyewe wakaamka na haki tofauti.

Mazungumzo ya namna hii si mageni katika ofisi za wanyamapori:

"Kijana wangu, mnyama mwenyewe alitoka ng'ambo."

"Hapana neno, mzee. Akishaingia shambani mwako ni wetu."

"Na akirudi?"

"Akirudi ni wao. Andika hapa ni ekari ngapi."

Mzee huandika. Fomu hupelekwa kwa kamati ya kaunti, na kusubiri huanza. Kusubiri huko hakuna haja ya kuelezwa kwa wasomaji wa Kenya. Lakini jambo moja lisisahaulike: fomu ipo. Kiboko ana ofisi, ana sheria, ana kifungu, ana bei. Tangu mwaka 1995 biashara ya meno na ngozi yake ya kuvuka mipaka imesimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Mwenye kudhuriwa na mnyama mkubwa ana mahali pa kulalamikia, hata kama majibu yatachelewa. Aliyedhuriwa kwa njia ya mnyama mdogo aende wapi?

Swali hilo lingeonekana la mzaha, kwa kuwa kaa hajaua mtu. Akimbana mtoto kidole, mtoto hulia, wenzake hucheka, basi. Lakini lugha ya Kiswahili, ambayo mara nyingi huhifadhi mambo ambayo wasemaji wake wameshayasahau, imewaweka viumbe hawa wawili katika upande mmoja wa maisha, nao ni upande wa maumivu.

Tuanze na kiboko. Mwanafunzi wa mofolojia hufundishwa kwamba kiambishi ki- aghalabu hudunisha: mtoto akawa kitoto, mlima ukawa kilima. Kisha hukutana na kiboko na kifaru, wanyama wawili wakubwa kabisa, wamevaa kiambishi kilekile cha kipepeo na kiroboto. Upatanisho wa kisarufi huwaokoa, maana husemwa kiboko huyu amelala, na si kiboko hiki kimelala. Ila ipo hali moja ambapo "kiboko hiki" ni sahihi kabisa. Ni pale ambapo mnyama ameuawa, ngozi yake imekatwa vipande virefu, imekaushwa na kusokotwa. Hapo huondoka katika ngeli ya wenye uhai na kuingia katika ngeli ya vitu, na jina hubaki lilelile. Ngeli moja ya sarufi hutenganisha mnyama na mjeledi.

Kiboko hicho cha pili kilitembea zaidi ya kile cha kwanza. Katika koloni la Wajerumani lililokuja kuwa Tanganyika, wazee waliifahamu hukumu ya hamsa wa ishirini, viboko ishirini na vitano. Katika Kongo ya Mfalme Leopold mjeledi wa ngozi hiyohiyo ulipewa jina la chicotte. Waingereza nao hawakuuacha nyuma. Baadaye ngozi ya mnyama ilikoma kutumika na ufito wa mti ukachukua nafasi yake, lakini jina halikubadilika. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya vilichapwa viboko na watu ambao hawajamwona kiboko maishani mwao, mpaka serikali ilipopiga marufuku adhabu hiyo shuleni mwaka 2001. Vijana wa mjini, kwa ukarimu wa lugha yao, wameligeuza tena neno likawa sifa: mtu hodari huitwa kiboko, au kiboko yao. Kiboko ameyapitia yote hayo bila kujua.

Kaa amejificha zaidi. Neno lake lenyewe limezungukwa na mapacha wasio ndugu: kaa la moto, kaa kitako, kaa la kinywani. Methali humkumbuka kwa silaha yake tu, isemapo kwamba kaa akiinua gando mambo yamekatika. Yamkini mtu angemaliza utafiti hapo na kwenda zake. Lakini waganga wa Kigiriki wa kale waliuita uvimbe mbaya kwa jina la kaa, na inasimuliwa kwamba ni kwa sababu mishipa iliyotanda kandokando ya uvimbe ilifanana na miguu yake. Waarabu nao waliita hivyohivyo: saratani, yaani kaa, ndilo jina la mnyama, la buruji angani na la ugonjwa. Kiswahili kilipokea saratani kutoka Kiarabu. Kisha kikapokea kansa kupitia Kiingereza, na hilo nalo kwa Kilatini ni kaa. Msemaji wa Kiswahili basi ana maneno mawili ya ugonjwa huu, la msomi na la mtaani, na yote mawili, akiyafumbua, humtokea kaa yuleyule. Neno la tatu, ambalo ni kaa mwenyewe, ndilo pekee ambalo halijapata kuutaja ugonjwa.

Jina hilo halikukosea. Kiboko huja na kishindo. Hutikisa ardhi, mbwa hubweka, madebe hupigwa, na jirani aliye mbali hujua kwamba leo kwa fulani kuna janga. Saratani huja kikaa, upandeupande, chini ya jiwe. Ukanda wa Ziwa Victoria unaijua kwa muda mrefu. Ilikuwa mjini Kampala ambapo daktari wa upasuaji Denis Burkitt alichunguza uvimbe uliojitokeza katika taya za watoto, akauandikia mwaka 1958, na ugonjwa ukabeba jina lake hadi leo. Baadaye ilibainika kwamba unapatikana zaidi katika maeneo yenye malaria kali, na mtu wa Busia hana haja ya kuambiwa maeneo hayo ni yapi.

Mapema mwaka 2016 mashine ya tiba ya mionzi ya hospitali ya Mulago, ambayo ilikuwa ya pekee ya aina hiyo katika Uganda nzima, iliharibika kabisa. Mwezi Aprili hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan mjini Nairobi ilijitolea kuwatibu bila malipo wagonjwa 400. Barabara ya kutoka Kampala hadi Nairobi hupita Busia au Malaba. Hakuna njia kuu ya tatu. Basi lililobeba mgonjwa wa aina hiyo lilisimama pale mpakani kama mabasi mengine yote. Abiria walishuka, wakapanga foleni, wakagongewa mihuri, wakavuka kwa miguu kati ya malori na wachuuzi wa ndizi. Afisa aliuliza sababu ya safari. Anayevuka kununua mitumba na anayevuka kwa ajili ya mionzi walisimama katika foleni moja, na kwa macho hakuna aliyeweza kuwatenga. Mashine mpya ilizinduliwa Kampala Januari 2018. Mwezi uliofuata marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Kwa mgonjwa, kuondolewa kwa foleni moja si jambo dogo.

Ikiwa msomaji ataona kwamba kaa wa maneno si kaa, na kwamba ni kumwonea mnyama kumbebesha ugonjwa kwa sababu ya mishipa iliyofanana na miguu yake, basi na asikie habari ya kaa wa kweli.

Katika mito ya magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda palikuwa na upofu uliowafuata wakazi wa kando ya maji. Wataalamu walijua kwamba unaletwa na usubi, inzi mdogo mweusi, ambaye akimuuma mtu humwachia vijidudu vya mnyoo. Minyoo hukaa chini ya ngozi kwa miaka, huzaa mamilioni ya vimelea, na vimelea hao wakifika machoni huyazima polepole. Ngozi huwasha hata mtu asipate usingizi, hukunjamana kabla ya wakati wake, na mwisho mtu mzima huongozwa shambani na mjukuu aliyeshika ncha ya fimbo. Inajulikana kwamba watoto wa usubi hukua katika maji yanayokwenda kasi. Lakini spishi hii ya huku, iitwayo Simulium neavei, iliwashinda watafiti. Walipekua mawe, walipekua majani na mizizi, na mabuu yake hayakuonekana popote. Mwaka 1946 Garnham na McMahon walimwaga dawa ya DDT katika mito ya bonde la Kodera, kusini mwa Nyanza, na usubi ukatoweka huko, bila ya wao kujua mabuu waliyoyaua yalikuwa yamejificha wapi.

Jibu lilichapishwa mwaka 1950 na van Someren na McMahon huyohuyo. Mabuu yalikuwa yamejibandika juu ya miili ya kaa. Kila kaa aliyetembea chini ya maji alikuwa amebeba watoto wa inzi mgongoni na magandoni, akiwapeleka penye maji yenye hewa, akiwaficha chini ya mawe pamoja naye, bila faida wala hasara kubwa kwake. Wala si yeye aliyeuma, wala si yeye aliyekuwa na mnyoo. Alikuwa mbebaji tu, kama lori lisilojua shehena yake. Watoto waliochezea kaa vijitoni na babu waliokuwa vipofu vibarazani walikuwa wanaishi na fumbo na jibu lake kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo ulinganishi wa wanyama hawa wawili unapopata uzito wake. Hasara ya kiboko inaonekana asubuhi moja, ina ekari, ina shahidi, inaandikika. Upofu wa mto huchukua miaka, na aliyepofuka hana siku anayoweza kuitaja kuwa ndiyo siku aliyodhuriwa. Sheria hulipa kilichovunjika kwa kishindo kwa sababu ndicho inachoweza kukisoma. Mtu hawezi kuilaumu sheria kwa hilo moja kwa moja. Hata majirani ni hivyohivyo. Shamba likikanyagwa, kijiji kizima huja kutoa pole. Macho yakififia, husemwa mzee amezeeka.

Hata hivyo, kaa naye alipata siku yake ya kuhesabiwa. Nchini Kenya usubi huyu aliangamizwa bonde baada ya bonde katika miaka iliyofuata kazi ya Kodera. Upande wa Uganda, katika miteremko ya Elgon yanakotoka maji ya Malaba, ugonjwa uliendelea. Mwaka 2007 Uganda ilitangaza nia ya kuukomesha kabisa badala ya kuupunguza tu. Wakazi walipewa dawa ya ivamektini, ambayo mtengenezaji wake aliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huu, tena wakapewa mara mbili kwa mwaka, na mito ikatiwa dawa ya kuua mabuu. Ilibidi sasa kujua kama kazi inafaulu, na hapakuwa na njia bora ya kujua kuliko kumuuliza kaa.

Basi wakatumwa watu mitoni kunasa kaa. Hii haikuwa kazi ya kitoweo wala ya mchezo. Walitega mitego penye mawe, wakawatoa kaa mmojammoja, wakawageuza, wakawapekua gamba kwa gamba wakitafuta mabuu, wakaandika idadi, wakaandika jina la mto na tarehe. Mtu mzima, mwenye daftari la serikali, amechuchumaa katika maji baridi ya mlimani akimkagua kaa kama afisa wa Malaba anavyokagua mizigo. Mwanzoni kaa wengi walikutwa wamebeba. Kisha wakawa wachache. Kisha, mto baada ya mto, wakawa wanakutwa hawana kitu, na kufikia mwaka 2011 maambukizi katika eneo la Elgon yalikuwa yamekatika. Kaa aliyekaguliwa akaonekana safi aliwekwa tena ukingoni, naye akaingia majini akienda upande, kama kawaida yake.